Kitabu Kilichovaa Jalada la Mwenzake

Nyinyi mnaoingia maktaba leo na simu mkononi mnadhani maktaba ni mahali pa usingizi. Mimi ambaye miguu yangu haijui kutulia nilikaa humo kuliko nilivyowahi kukaa mahali pengine popote, na sijaona sehemu yenye hofu kama ile. Hofu ya maktaba haina kelele. Mtu amekaa mezani, kitabu kimefunguliwa mbele yake, hageuzi ukurasa, na jasho linamtoka puani. Ukimkaribia anajifanya anasoma.

Kazi hiyo ya maktaba ya chuo, pale Arua kaskazini-magharibi mwa Uganda, nimeiacha. Sasa niko Inde nauza nguo za mitumba siku za soko, na mwezi ujao huenda nikawa Koboko au ng'ambo ya mpaka, Mungu akipenda. Lakini hata sokoni vijana wa chuo wananitambua. Wanashika shati, wanalipima kifuani, halafu wanauliza kwa sauti ya chini kama watu wanaotafuta dawa ya ugonjwa wa aibu: "Anti, tumepewa kazi ya kuchambua shairi. Vitabu vya kunukuu tutavipata wapi?"

Jibu langu ni refu, na ndani yake kuna msichana anaitwa Keji. Ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Nianze na mambo mepesi. Mwanafunzi alikuwa anakuja kaunta kwangu na kusema, "Anti, nipe kitabu kinachoeleza shairi hili." Nami namuuliza, "Wewe mwenyewe umelisoma?" "Bado, Anti. Nataka maelezo kwanza." Huyo nilikuwa namfukuza. Nilimwambia aende nyuma ya tangi la maji, alisome kwa sauti mpaka aone haya, kisha arudi na swali moja. Mtu asiye na swali nitampa rafu nzima na atarudi mikono mitupu.

Akirudi na swali, nilimfundisha asitafute jina la shairi. Ni nadra mtu kuandika kitabu kizima juu ya shairi moja. Tafuta jina la mshairi, tafuta wakati wake, tafuta jambo analolililia: njaa, mahari, vita, mto. Na kitabu usikianzie mbele. Kianzie nyuma, kwenye faharasa, ile orodha ya majina na mambo pamoja na kurasa zake. Kisha angalia marejeo, maana kila mwandishi ameacha pale nyayo za waliomtangulia. Ukipata nyayo moja, utapata kijiji.

Haya yote nilifundishwa kazini, maana mimi shule yangu iliishia sekondari. Na nusu ya kilichobaki nilifundishwa na Mzee Marijani.

Mzee Marijani alikuwa mshonaji wetu wa vitabu. Mnubi wa Arua, mrefu, mwembamba, ujana wake aliumaliza akishona viatu vya wanajeshi. Alipokuja maktaba alikuja na sindano zake zile zile na uzi mweusi uliopakwa nta. Alinifundisha kupika gundi ya unga wa muhogo na kuitia pilipili ili mende wasiile. Siku za gundi maktaba nzima ilikuwa inapiga chafya, na yeye anasema, "Heri mutu apige chafya kuliko mende anenepe."

Sasa elewa jambo moja la kwetu. Huku karatasi haikai bure. Kitabu kikizeeka, kurasa zinazoondoka kwanza ni zile za mbele, kwa sababu zina nafasi nyeupe. Mmoja anasokota tumbaku, mwingine anafungia njugu za kukaanga. Na kwenye kurasa hizo za mbele ndipo panapoandikwa jina la kitabu na la aliyekiandika. Kwa hiyo tulikuwa na vitabu vizima, vyenye akili zao zote, ambavyo havikujua vinaitwaje. Na tulikuwa na majalada mazuri ambayo vitabu vyake vilikuwa vimekufa kwa mchwa au mvua. Mzee Marijani hakuvumilia kuona uchi. Alichukua jalada la marehemu akamvika yatima.

Nilipomuona akifanya hivyo mara ya kwanza nilishangaa. "Mzee, lakini jina hili ni la kitabu kingine!"

"Jina!" akasema bila kuinua macho. "Wewe iko Candiru. Kwa Kilugbara iko shida. Sasa shida gani iko hapa? Unakula vizuri, unacheka, jioni unaenda nyumbani."

"Na msomaji je?"

"Msomaji atafungua. Kitabu bila jalada iko kama mutu bila ngozi, binti. Inzi itakula yeye."

Ndani ya jalada aliandika kwa penseli: *jalada si lake*. Lakini penseli hufutika, na macho ya Mzee yalipoanza ukungu kuna vingine havikuandikwa kitu. Sisi wafanyakazi tulijua, tukazoea. Padri mmoja mzee aliwahi kuazima kitabu cha sala akakuta ndani ufugaji wa kuku. Alikirudisha bila lawama yoyote, akatuambia kuku wake sasa wanataga. Tulicheka wiki nzima.

Keji hakucheka.

Alikuwa anasomea ualimu wa Kiswahili chuoni kwetu. Alizaliwa upande wa Yei, Sudan Kusini, akavuka mpaka akiwa mdogo mgongoni mwa dada yake, akakulia kambini. Kuna watu waliokuwa wanamlipia masomo, na walikuwa wanataka taarifa kila muhula. Alikuwa msichana wa kukaa pembeni, anayesoma midomo ikicheza kidogo. Jumatatu moja aliingia asubuhi kabla sijamaliza kufagia, akasimama kaunta akiwa amekumbatia begi lake.

"Anti, mimi nimekufa."

"Nani amekuua na mimi nakuona umesimama?"

"Mwalimu Adriko."

Akanitolea kazi yake. Alikuwa amechambua shairi la mama anayekimbia vita na kuvuka mto na jiwe la kusagia kichwani, akiacha kila kitu kingine. Ukurasa wa marejeo ulikuwa na duara jekundu kwenye kitabu kimoja, kile alichokinukuu kuliko vyote. Mwalimu Adriko, aliyekuwa anawafundisha fasihi, alikuwa amekitafuta. Akakipata kwenye kompyuta yake, kizima, kuanzia jalada hadi mwisho.

"Akaniita, akanionyesha," Keji alisema. "Akasema, 'Kitabu kipo, Keji. Mwandishi yupo. Hayo maneno uliyonukuu ndiyo hayapo. Simu yako imekutungia.' Anti, Ijumaa naingia kwenye kamati. Wakisema nimetunga, nafukuzwa."

Sitaki mumwone Mwalimu Adriko kama mtu mbaya. Muhula ule alikuwa amepokea kazi zilizojaa vitabu ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuviandika. Wanafunzi waliuliza simu, simu ikawajibu kwa sauti ya msomi, wakanakili. Alikuwa anaogopa kuchekwa darasani kwake mwenyewe. Mtu anayeogopa hivyo anampiga wa kwanza anayemwona.

"Ulikisomea wapi?" nikamuuliza Keji.

"Hapa. Rafu ya chini, karibu na dirisha lililovunjika. Jalada la kijani."

"Ukurasa wa kwanza ulisemaje?"

"Hakikuwa na ukurasa wa kwanza, Anti. Niliandika jina la juu ya jalada."

Mzee Marijani na sindano yake. Nilimweleza yote pale pale, jinsi vitabu vyetu vinavyovaa majalada ya wenzao, na nikaona uso wake unafunguka kidogo. Kumbe tulichohitaji ni kukitoa rafuni na kukiweka mbele ya kamati. Tukapiga magoti mbele ya rafu ya chini.

Rafu ilikuwa tupu. Wiki mbili nyuma chuo kilikuwa kimeamua kupunguza vitabu vichakavu, na maboksi yote yalipelekwa kwa shule moja ya sekondari huko Ludara, wilaya ya Koboko, iliyokuwa haina maktaba. Mimi nilikuwa likizo, nikitangatanga kama kawaida yangu, na ndiyo asubuhi ile nilirudi kazini.

Keji alibaki amepiga magoti. Kisha akasema jambo lililonitisha kuliko kamati yenyewe. "Anti, labda sikukisoma. Mwalimu alivyokuwa ananiangalia, nilianza kuona kama kweli nilidanganya. Labda niliota."

Vijana, nimeona watu wengi wakishutumiwa. Ambaye hujui utamsaidiaje ni yule aliyeanza kumwamini anayemshutumu. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwambia, "Usinitajie jina la kitabu. Niambie kilisema nini."

Polepole akaanza. Kitabu kilisema wasomaji wengi wanaona lile jiwe kuwa mzigo, alama ya mateso ya mwanamke. Lakini jiwe la kusagia ni nyumba. Mwenye jiwe akifika popote anasaga, akisaga anapika, akipika watu wanakaa kulizunguka sufuria lake. Yule mama hakubeba mzigo, alibeba mahali pa kukaa. "Niliposoma hapo nilifunga kitabu," Keji alisema, "kwa sababu mama yangu yeye alibeba mlango. Tulikuwa tunamcheka, mlango bila nyumba."

"Hiyo hukuota," nikamwambia.

Mkuu wa maktaba, wa kunipa ruhusa ya kwenda Ludara, alikuwa Kampala. Nilikwenda kwa Mzee Marijani nyumbani, maana siku hizo alikuwa haji kazini kila siku. Alikuwa ameketi juani na macho yamefunga ukungu. "Kijani?" akasema. "Kijani nilivisha mingi, binti. Ile rangi ilikuwa mingi sana." Akatikisa kichwa, akaomba nimsalimie yule mtoto. Nikatoka pale nikiwa mdogo kuliko nilivyoingia.

Ruhusa niliipata Alhamisi tu. Tukaondoka na gari la asubuhi kwenda Koboko. Keji alishika kadi yake ya ukimbizi mkononi tangu tulipotoka Arua, hakuiweka begini hata mara moja. Tulipofika Koboko akakataa kushuka. Stendi ilikuwa na kelele zake za kawaida, wabeba mizigo wanatukanana kwa lugha nne, bodaboda wanavuta watu mikono, malori yanayokwenda mpakani yanapiga honi.

"Hapa ndipo tulipolala nje," akaniambia. "Siku ya kwanza. Sijarudi tangu hapo."

"Leo hatulali. Shuka, mama."

Akashuka akiwa amenishika nguo kama mtoto. Tukapanda boda moja hadi Ludara, barabara ya vumbi, mashamba ya muhogo pande zote.

Shuleni tulipokelewa na mwalimu aliyesimamia maktaba mpya, Madam Sadia, mwanamke mnene mchangamfu mwenye kitambaa cha njano kichwani. Alifurahi sana kutuona. Akatupeleka stoo na kufungua mlango kwa fahari.

"Ona, dada. Nimefanya kazi kubwa hapa. Vitabu yenu ilikuja chafu-chafu, sasa yote iko safi."

Nikaona ukuta wa vitabu vya kahawia. Vyote. Alikuwa amevua majalada yote yaliyolegea na kuvalisha kila kitabu karatasi ya mifuko ya simenti, nadhifu, kona zimekunjwa kama shuka za hospitali. Juu hapakuandikwa kitu bado.

"Na majalada ya zamani?" nikauliza.

"Majalada? Mama wa jikoni aliwasha nayo moto. Ilikuwa na harufu ya pilipili, dada, alikohoa mpaka tukacheka."

Keji akakaa chini sakafuni.

Nilimweleza Madam Sadia. Uchangamfu ukamtoka usoni, akavua viatu, akakaa na sisi. Tukagawana ukuta ule. Unafungua, unasoma mistari miwili, unaweka kando. Hesabu. Biblia. Kilimo cha pamba. Hesabu tena. Jua likahama kutoka mlangoni. Kila rundo lilivyopungua ndivyo nilivyozidi kusoma polepole, maana niliogopa kufika mwisho. Vitabu vingine wanafunzi walikuwa wamevichukua madarasani, na Madam Sadia alikwenda kuvikusanya mwenyewe akirudi amekumbatia vitabu kama kuni.

Keji ndiye aliyekipata. Hakupiga kelele. Alianza kusoma kwa sauti, ile midomo yake, na nikasikia neno jiwe.

Nikamnyang'anya, Mungu anisamehe, nikafunua karatasi ya simenti kwenye uti wa kitabu. Jalada lilikuwa limeondoka, lakini pale Mzee Marijani alipopitisha uzi wake wa viatu, utepe wa kitambaa cha kijani ulikuwa umekataa kung'oka, na juu yake nusu ya jina lenye rangi ya dhahabu. Nusu tu. Kina uzi mweusi, kina nta, kina pilipili.

"Sasa mtakichukua?" Madam Sadia akauliza, na nikaona na yeye ameanza kuogopa. "Dada, hapana. Kitabu iko na muhuri ya shule. Mukaguzi anakuja wiki ijayo, na mukubwa wangu iko mutu mukali. Kikipotea, mimi nitasema nini?"

"Jumatatu nitakirudisha kwa mkono wangu."

"Kila mutu anasema Jumatatu."

Alikuwa na haki. Nikatoa kitambulisho changu cha taifa nikamwekea mkononi. Alikitazama, akanitazama, akakiweka kifuani ndani ya nguo. "Jumatatu," akasema.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Jioni hiyo, kabla hatujafika Koboko, wanajeshi walikuwa wamesimamisha kila chombo. Kijana mwenye bunduki akachukua kadi ya Keji, akaiangalia mbele na nyuma, akamrudishia. Akanyoosha mkono kwangu.

"Kitambulisho."

"Kiko Ludara, afande. Nimekiacha shuleni."

"Umeacha kwa nini?"

"Nimechukua kitabu."

Akakichukua kitabu. Akakitikisa, kurasa zikining'inia kwenye uzi, na mimi nikauona uzi ule ukikatika ingawa haukukatika. "Kitabu gani hii haina jina?"

"Cha mashairi, afande."

Akamwita mwenzake. "Kuja uone mutu mukubwa, ameacha kitambulisho shuleni sababu ya mashairi!" Wakacheka. Tukawekwa kando ya barabara. Wakatuacha hapo muda ambao sikuupima, magari yanapita, Keji ananong'ona sala kwa Kibari, lugha ya kwao, na kitabu kiko juu ya gunia la mchanga chini ya kiwiko cha askari. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Nilikuwa naangalia mawingu na kitabu, mawingu na kitabu. Mwishowe yule wa pili, mkubwa kwa umri, akaja akanirushia kitabu kifuani. "Kwenda, mama. Lakini wewe hauna akili."

Nilisema asante. Nilimaanisha.

Kamati ilikuwa watu watatu kwenye ofisi yenye feni isiyozunguka. Niliruhusiwa kuingia kwa sababu kitabu kilikuwa cha maktaba yetu zamani. Nilieleza habari ya majalada, na mzee mmoja wa kamati akaguna kama anayesikia hadithi ya sungura. Mwalimu Adriko akachukua kitabu, akaweka kazi ya Keji kando yake, akaanza kulinganisha nukuu moja moja kwa kidole. Nilisikia kucha yake ikikwaruza karatasi. Alipomaliza akageuza uti, akautazama ule utepe wa kijani kwa muda mrefu, akautazama uzi.

"Maneno yapo," akasema.

Keji akainua uso.

"Lakini haya hayakuandikwa na yule uliyemtaja. Basi ni nani aliyeyaandika?"

Nilimwangalia Keji nikimwomba kimoyomoyo aseme lolote, jina lolote, amalize. Mikono yake ilikuwa chini ya meza.

"Sijui, Mwalimu."

"Kitabu kinaitwaje?"

"Sijui. Nimetafuta, sijui."

Mzee wa kamati akafungua mdomo, lakini Mwalimu Adriko akainua mkono. Alivua miwani. "Nimezungumza na hizo simu muhula mzima," akasema polepole. "Nimeziuliza vitu vya kweli na vya uongo. Hakuna hata moja iliyowahi kuniambia *sijui*."

Akamrudishia kazi yake. Akamwambia aandike upya ukurasa wa marejeo: mwandishi hajulikani, jina la kitabu halijulikani, na aseme wazi kilipatikana wapi na kimevaa jalada la nani. Kazi ingesahihishwa kama za wenzake. Hakuomba radhi, na sisi hatukungoja aombe.

Kwa hiyo, mwanangu unayeniuliza juu ya vitabu vya kunukuu: fungua ndani. Ukipiga picha ukurasa, piga pia ule wenye jina la kitabu, na kama haupo, andika kwamba haupo. Usione haya.

Keji alitoka nje kwa adabu, akafunga mlango taratibu, akaenda nyuma ya jengo akatapika. Nilimshika kichwa. Alipojipangusa mdomo akaniuliza, "Anti, na kama ule utepe nao ungeungua?"

"Tungewaeleza."

"Mimi nilimweleza Mwalimu tangu siku aliponiita, na hakuniamini."

Nilimshika mkono tukaenda kutafuta chai, kitabu nimekibana kwapani, maana Jumatatu kilikuwa kinangojwa Ludara.